Parachichi Halivunwi kwa Haraka ya Dalali

Masika yamekolea katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na wanunuzi wenye pikipiki na matenga wameanza kupita kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumbani moja baada ya jingine, wakiangalia juu ya miti. Wengi wao hawaulizi bei ya tunda, wanauliza bei ya mti. Ukikubali, vijana watapanda, watatikisa matawi, na jioni mti utabaki mtupu: kilichokomaa, kichanga na kile ambacho kingekomaa baada ya miezi miwili, vyote vimeingia kwenye tenga moja. Ndugu zangu wenye mti mmoja au miwili nyuma ya nyumba, nawaombeni msiuze hivyo. Anayepoteza ni wewe, na atakayelikuta sokoni tunda hilo likiwa gumu na lisilo na ladha ataliacha parachichi anunue kitu kingine.

Parachichi haliivi mtini. Hukomaa tu, likabaki gumu, na huanza kulainika baada ya kutenganishwa na mti. Kwa mwenye mti nyumbani hii ni neema kubwa, maana tunda lililokomaa linaweza kubaki mtini kwa wiki kadhaa, na aina ya Hass hata kwa miezi, huku likiendelea kuongeza mafuta. Mti wenyewe ndio ghala. Unachuma machache leo ya kuliwa wiki ijayo, na mengine unayaacha pale pale bila kulipia stoo wala umeme. Lakini usipitilize. Mti uliobebeshwa mzigo wa zamani wakati maua mapya yanatoka utazaa kidogo mwaka unaofuata, na yale ya kienyeji yakicheleweshwa sana huanza kudondoka yenyewe, wakati mwingine kokwa likiwa limeshaota mzizi ndani.

Sasa utajuaje kwamba limekomaa? Ukubwa hudanganya. Tunda dogo la upande wa jua linaweza kuwa limekomaa kabla ya kubwa lililo kivulini. Angalia ngozi kwanza: ya tunda changa hung'aa, na ile ya lililokomaa hupoteza mng'ao. Kisha chuma matatu au manne kutoka pande tofauti za mti. Moja lipasue hapo hapo utazame ganda jembamba linalofunika kokwa. Likiwa jeupe, nene na lenye majimaji, subiri. Likiwa la kahawia na kavu, tunda limefika. Yaliyobaki yaweke ndani ya nyumba mahali penye kivuli. Kama ndani ya siku saba hadi kumi yatalainika sawasawa bila kukunjamana, anza kuvuna. Kama yatasinyaa, yatavutika kama mpira au yatakuwa na ladha ya maji, rudi mtini baada ya wiki mbili ujaribu tena. Ni kipimo kisichohitaji hata senti, na ninashangaa kwamba tunakiruka kila mwaka.

Wanaouza nje ya nchi hupima kwa mizani. Parachichi likikomaa, maji hupungua na mafuta huongezeka, hivyo wao hukausha nyama ya tunda na kupima kinachobaki. Kwa Hass, kiwango kinachotumika Kenya ni asilimia 24: gramu 100 za nyama mbichi zikikaushwa kabisa zibaki zisizopungua gramu 24. Huko Kenya, Mamlaka ya Kilimo na Chakula imekuwa ikifunga usafirishaji kwa meli kuelekea mwisho wa mwaka ili matunda machanga yasiharibu jina la nchi kwa wanunuzi. Kama mna oveni na mizani ndogo ya jikoni, hata kikundi cha kina mama kinaweza kufanya kipimo hicho: kwangua nyama ya tunda, ipime, ikaushe kwa moto mdogo, na uipime tena na tena mpaka uzito uache kupungua. Dalali akija, mwonyesheni hesabu.

Siku ya kuchuma, usichume mvua ikinyesha au ngozi ikiwa bado imelowa, kwa sababu tunda lililochumwa likiwa na maji huoza upesi. Msimu huu hiyo ina maana ya kusubiri hadi jua la saa nne au tano. Yaliyo chini kata kwa mkasi wa kupogolea, ukiacha kipande kifupi cha kikonyo. Kikonyo kikichomoka, pale penye tundu ndipo ukungu unapoingilia. Yaliyo juu yafuate kwa upembo uliofungwa mfuko wa kitambaa chini ya ndoano. Lililoanguka lisichanganywe na mengine hata kama linaonekana zima. Limeshapondeka ndani, na weusi utaonekana likishaiva. Yaliyooza chini ya mti yakusanye uyafukie kina kirefu, maana funza wa nzi wa matunda hutoka humo na kuingia udongoni kujiandaa kwa kizazi kingine.

Ukitaka parachichi liive haraka, lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoamsha uivaji. Usiweke tunda gumu kwenye friji, linaweza kushindwa kuiva vizuri. Likishalainika ndipo friji inakusaidia kwa siku chache. Na kulijaribu, bonyeza taratibu karibu na kikonyo, si tumboni.

Kuhusu kula, naomba wenye miti muanze kula kabla ya kuuza. Makande yenye vipande vya parachichi juu yake ni mlo kamili, na ng'ambo ya mpaka Wakenya hufanya vivyo hivyo kwa githeri. Kwenye kachumbari liingie mwisho, baada ya ndimu na chumvi, lisije likapondeka. Juisi yake ichanganye na pasheni ili ukali wa tunda moja upunguze uzito wa lingine. Mtoto aliyetimiza miezi sita aanze na parachichi lililopondwa, bila chumvi wala sukari. Lina mafuta mazuri, potasiamu na foleti, na halihitaji kupikwa. Nusu iliyobaki ipake ndimu na uifunike vizuri, haitakuwa nyeusi upesi.

Kwa anayetaka kupanda, ardhi bado ina unyevu wa kutosha, lakini usichelewe. Kokwa la tunda tamu halitakupa mti wenye tunda lile lile, na utasubiri miaka mitano, minane au zaidi. Nunua mche uliobebeshwa kutoka kitalu kinachoaminika. Huo huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne. Shimo la futi mbili kila upande linatosha, udongo wa juu uchanganywe na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri, na sehemu ya kiungo ibaki juu ya ardhi. Hapa ndipo miti mingi hufa: mparachichi hauwezi kabisa kusimama kwenye maji. Mizizi yake ya kulisha iko juu juu, na maji yakituama udongoni, ugonjwa wa kuoza mizizi hufuata. Penye udongo mzito, panda juu ya tuta. Tandaza majani ya migomba au nyasi kavu mzunguko wote wa mti, ila matandazo yasiguse shina.

Mti mmoja wa Hass utazaa, lakini ukiwa na mti wa aina ya Fuerte karibu utazaa zaidi. Ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa tayari kupokea chavua, kisha hujifunga, na kesho yake mchana hufunguka tena likitoa chavua. Fuerte hufanya kinyume chake. Nyuki ndio wanaounganisha nusu hizi mbili, kwa hiyo usipulize dawa ya wadudu mti ukiwa na maua. Mkikubaliana na jirani, wewe upande Hass na yeye Fuerte, nyuki hawajui mpaka wa kihamba.

Mwenye mti mzee wa kienyeji usioridhisha asiukate moja kwa moja. Baada ya mavuno, fundi anaweza kuukata karibu mita moja kutoka chini, akaacha tawi moja la kuulisha, kisha akabebesha vijiti vya matawi ya aina bora. Shina lililobaki lipake chokaa, lisichomwe na jua.

Na matawi yaliyokatwa yasiende zizini. Majani ya parachichi yana sumu iitwayo pasini, inayoweza kukausha maziwa ya mbuzi na ng'ombe na kudhuru moyo wao. Sungura na kuku nao hawako salama. Yakatekate, yarundike mbali na banda, uyaache yaoze mpaka yawe mboji.