Jioni ya Pasaka kwenye matete ya Somerset



Kama Biblia iko karibu, fungua kwanza Luka 24:13-35, ile habari ya wafuasi wawili wa njia ya Emau. Isome yote, usiruke. Tutaifikia, ila leo naanzia kwa ndege, na naomba univumilie.

Mimi ni mtoto wa Kilombero. Kwetu ndege hatazamwi, anafukuzwa. Mpunga ukishatoa masuke, kwelea kwelea wanashuka kama wingu, na shamba likiachwa bila mtu siku mbili tatu, unaweza kuvuna mabua. Kwa hiyo sisi watoto tulikuwa tunapanda kwenye dungu alfajiri, na debe bovu na kombeo, tunaamia ndege mpaka jua linazama. Baba alikuwa na sauti ya ajabu. Akipiga kelele upande wa mtoni, ndege wanaruka mpaka shamba la jirani, na jirani anakasirika.

Basi kila ile Injili ya Mathayo 6:26 iliposomwa kanisani, Yesu anaposema tuwatazame ndege, kwamba hawapandi wala hawavuni na bado Baba wa mbinguni anawalisha, baba alikuwa ananong'ona, "Hawapandi, kweli. Kuvuna wanavuna, tena kwetu." Mama anamfinya. Mimi nilikuwa nacheka hadi padre ananiangalia.

Siku hizi naona baba alikuwa anaisoma ile Injili vizuri kuliko wahubiri wengi. Tumezoea kuwafanya ndege wa Mathayo kuwa pambo, picha nzuri ya kuweka kwenye status. Lakini watu waliomsikiliza Yesu Galilaya wengi walikuwa wakulima na wavuvi. Walijua ndege ni nini. Kwenye mfano wa mpanzi, Mathayo 13, ndege ndio wanaokula mbegu zilizoanguka njiani. Yesu hakuwa anazungumza na watalii. Aliwaambia watu wenye njaa wamtazame mwizi wa shamba lao, kisha wajiulize nani anamlisha hata huyo. Hilo ni neno gumu.

Baba alifariki Novemba mwaka juzi. Mimi nilikuwa nimeshafika Bristol, Uingereza, kwa masomo. Alipougua nilianza novena, na siku ya tisa, kabla sijaimaliza, simu ikaita. Nauli sikuwa nayo. Mazishi niliyaona kwenye simu, picha inaganda, inarudi, inaganda tena. Nilipata sehemu ya mahubiri, nikapata mgongo wa mjomba, nikapata udongo. Basi.

Niseme ukweli wote, maana wengine mnaosoma mnanijua. Mimi nilikuwa katibu wa VIWAWA parokiani. Nimesimama mbele ya vijana mara ngapi sijui nikisema Mungu anasikia, tusali bila kukata tamaa. Baada ya Novemba niliacha kusali. Misa niliendelea kwenda kwa mazoea, nasimama, napiga magoti, naimba. Lakini kuongea na Mungu, hapana. Miezi mitano. Hakuna aliyejua.

Kwenye parokia niliyokuwa nasali huko kuna mzee mmoja, Mwingereza, mjane, ambaye kila akinisalimia ananiambia habari za ndege. Nilimwona ni mzee mpweke tu. Jumatano ya Oktava ya Pasaka, Aprili inaelekea mwisho, baada ya Misa akaniuliza kama nimewahi kuona mabwawa ya Somerset. Nikasema sijawahi. Akasema jioni yeye na binti yake wanakwenda, nafasi kwenye gari ipo. Nilikubali kwa sababu sikuwa na uongo wa haraka.

Ni mwendo wa kama saa moja kwa gari kwenda kusini. Mahali penyewe panaitwa Ham Wall, karibu na mji wa Glastonbury. Zamani pale watu walichimba udongo mweusi wa mimea iliyooza majini kwa maelfu ya miaka, wanaukausha, wanauchoma kama kuni, na baadaye wakawa wanauuzia wenye bustani. Walipomaliza waliacha mashimo makubwa. Mashimo yakajaa maji, watu wa kulinda ndege wakapanda matete, na sasa ni matete na maji tu mpaka macho yanachoka. Ukinifumba macho ukanishusha pale, kwa ile harufu ya tope, ningesema nipo bondeni kwetu. Ila baridi! Binti wa mzee alinipa gambuti na jaketi lake la pili.

Kitu cha kwanza kilichonichanganya ni jua. Saa moja usiku kwao bado kweupe kabisa. Kwetu giza linaingia ghafla, kama mtu amezima taa. Kule mwishoni mwa Aprili jua linazama saa mbili na zaidi, na jioni inajivuta, inajivuta. Unalazimika kukaa ndani yake.

Juu ya maji walikuwa mbayuwayu. Mzee alisema wamefika siku chache tu zilizopita. Mbayuwayu wa Uingereza hukaa msimu wa baridi Afrika Kusini, halafu hurudi karibu kilomita 10,000, wakivuka Sahara, na ndege mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi. Pia alilia kekeo, yule anayetaga kwenye viota vya wenzake. Tangu 2011 watafiti wa Uingereza wamekuwa wakiwafunga kekeo vifaa vidogo vya setilaiti, na wakakuta kwamba wanaondoka kwao mapema tu kiangazi na kwenda kukaa kwenye misitu ya bonde la Kongo. Nikasema moyoni, kumbe mgeni hapa si mimi peke yangu.

Nabii Yeremia (8:7) anawataja hawa ndege wa safari: korongo angani, hua, mbayuwayu, wote wanajua majira yao ya kuja. Watu huwa wanaunukuu huo mstari kusifia uumbaji. Soma sura nzima uone. Yeremia hasifii, analalamika. Ndege wanajua saa ya kurudi, watu wa Mungu hawaijui. Nilikuwa naujua huo mstari vizuri sana, nilishaufundisha. Nikajikuta natazama pembeni.

Tukakaa kwenye kibanda cha mbao cha kuangalizia ndege. Mzee akatoa chupa ya chai, na kitabu kidogo cha Masifu ya Jioni kilichochakaa. Akasema husali hapo, kama sitajali. Nikasema sijali. Akasali kwa sauti ya chini, Zaburi na Wimbo wa Bikira Maria, ule ambao Kanisa huuimba kila jioni. Mimi nilinyamaza.

Upande wa mashariki kilionekana kile kilima cha Glastonbury chenye mnara. Chini yake kulikuwa na abasia kubwa ya Wabenedikto, na masifu hayo hayo yaliimbwa pale kwa karne nyingi. Mwaka 1539, wakati wa mfalme Henry VIII, abasia ikafungwa, na abate wake mzee, Richard Whiting, akanyongwa juu ya kilima hicho tarehe 15 Novemba. Papa Leo XIII alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1895. Leo abasia ni magofu. Mzee alinisimulia haya bila kuongeza chumvi, kama mtu anayeonyesha nyumba ya jirani.

Tulichokuja kukisubiri ni ndege mmoja wa jamaa ya korongo, Waingereza wanamwita bittern. Rangi yake ni ya matete makavu, na michirizi yake ni ya matete makavu. Akihisi hatari anasimama wima, mdomo juu, na upepo ukitikisa matete naye anayumba nayo. Unaweza kumtazama usimwone. Alitoweka kabisa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuwindwa na kwa mabwawa kukaushwa. Akarudi, akapungua tena, na mwaka 1997 walihesabiwa madume 11 tu wanaolia katika nchi nzima. Sasa wanazidi 200.

Nikauliza kama waliwaleta na kuwaachia pale. Mzee akasema, "Hapana, huyu hakuletwa. Tulipanda matete, tukatunza maji, tukangoja. Miaka mingi hakuna kitu." Naye alikuwa mmoja wa waliopanda, kwa mikono, akiwa na mkewe.

Tukangoja. Jua likashuka. Mwewe wa mabwawani akapita chinichini juu ya matete. Miguu ikafa ganzi. Kisha, mbali, ukasikika mlio. Sijui niuelezeje. Chukua chupa tupu, puliza juu ya mdomo wake, halafu fikiria chupa hiyo ina ukubwa wa pipa. Vuuum. Kimya. Vuuum. Dume huvuta hewa, koo linajaa, ndipo hutoa sauti hiyo, na usiku mtulivu husikika kilomita kadhaa. Nikainua darubini. Mzee akacheka kidogo, akasema, "Iweke chini tu. Hutamwona."

Sasa turudi Emau.

Wale wawili wanatembea karibu kilomita 11, wakiondoka Yerusalemu. Yesu anaungana nao na hawamtambui. Anawauliza wanazungumza nini. Wanasimama, nyuso zimekunjamana, na Kleopa anamshangaa kwamba hajui yaliyotokea. Kisha wanasema neno ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote katika sura hiyo: kwamba walikuwa wametumaini ndiye atakayeikomboa Israeli. Angalia wakati wa kitenzi. Hawasemi wanatumaini. Ni jambo lililokwisha, kama mtu anayesema alikuwa na ng'ombe.

Wanamwambia nani? Yeye mwenyewe. Wanamlalamikia Yesu kuhusu Yesu, na hawajui. Yeye naye hakatishi maneno yao. Aliyeuliza ndiye aliyetaka kusikia, na anawaacha waseme yote, mpaka habari za wanawake waliofika kaburini. Ni kweli baadaye anawakemea, na kwa maneno makali. Lakini kwanza anasikiliza. Mimi nilikuwa nimefundishwa, na nikafundisha wengine, kwamba sala huanza na sifa na shukrani. Ni sawa. Ila pale njiani, mazungumzo na Mfufuka yalianza kwa watu wawili kusema walivyovunjika moyo. Kama hiyo siyo sala, sijui tuiite nini.

Na tazama mwisho. Kunakuchwa, wanamsihi abaki, anamega mkate, wanamtambua, naye anatoweka machoni pao saa ile ile. Ningekuwa mimi ningelia. Wao wanaondoka usiku huo huo, kilomita 11 nyingine, wanarudi walikotoka. Hawamwoni tena njiani. Luka hatuambii kwamba walilalamika juu ya hilo.

Pale kwenye kibanda yule ndege alilia tena, na mimi nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, "Nilitumaini baba atapona." Haikuwa imepangwa. Nikasema pia kwamba nilikasirika, kwamba siku ya tisa ilikuwa imebaki sala moja tu, kwamba sikumzika baba yangu. Nilisema mengi. Mzee hakujua neno hata moja la Kiswahili, na hakuuliza. Binti yake alinimiminia chai. Hakuna kilichonijibu isipokuwa yule ndege, na yeye alikuwa anaita jike.

Sitaki mtu aelewe kwamba niliondoka pale nimepona. Kesho yake asubuhi nilifungua ile novena, nikasali siku ya tisa, ile iliyobaki. Mikono ilikuwa inatetemeka. Jioni nikampigia mama, nikamwambia kuna ndege huku anazuru kwa sauti tu, haonekani. Akauliza, "Anakula mpunga?" Nikasema hapana mama, anakula samaki na vyura. Akasema, "Basi baba yako angemwacha." Tukacheka, halafu tukalia, halafu salio likaisha.

Zoezi la wiki hii, kwa anayetaka. Chagua jioni moja, nenda mahali penye maji: bwawa, mto, jaruba la mpunga, hata mfereji kama ndio ulio nao. Fika nusu saa kabla ya jua kuzama, zima simu kabisa, siyo kuifanya iwe kimya. Dakika ishirini usiseme kitu, sikiliza tu, hesabu sauti za ndege hata kama hujui majina. Kisha sema sentensi moja inayoanza na "Nilitumaini", umalizie yako mwenyewe, na usiipambe. Funga kwa Baba Yetu. Mkiwa kikundi, kila mtu akae mbali kidogo na mwenzake, mkutane baadaye, na asiyetaka kusimulia asilazimishwe. Walio Ifakara na mabondeni kote, vaeni mikono mirefu, mbu wa saa hizo mnawajua.