Joto, Mbu na Mtoto Wako

Siku moja ya jua kali hapa Kasongo haionyeshi kama joto la inchi limebadilika. Inatupasa kulinganisha miaka mingi. Wataalamu walipima maji ya Ziwa Tanganyika, mashariki yetu, mwaka 1913. Wakayapima tena karibu na mwaka 2000, wakaona joto limepanda.

Sababu gani jambo hili linakuhusu wewe? Mdudu wa malaria anakomaa ndani ya mbu. Hewa ikiwa na joto la digrii 20, anahitaji karibu siku 28. Ikiwa digrii 25, karibu siku 12 tu. Mbu wengi wanakufa mbele ya siku 28, basi hawaambukizi mtu. Ndiyo maana baridi ya milimani, upande wa mashariki wa Kabambare, inapunguza malaria. Lakini joto likipanda, msaada huo unapungua.

Basi usiseme, “Ni kiangazi,” ao, “Huku kwetu ni mlimani.” Mlaze mtoto ndani ya chandarua kila usiku. Akipata homa, mlete kituoni siku ile ile, usingoje kesho.

Swali: Usiku wa leo, mtoto wako atalala ndani ya chandarua?