Kakuma na Kalobeyei: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Anayetaka Mkimbizi na Mwenyeji Waishi Pamoja

Haya ni ya ofisa wa kaunti, mfanyakazi wa shirika, mwalimu mkuu, mchungaji na imamu walioko Turkana Magharibi. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka huo leo ana watoto wake, nao wanaitwa wakimbizi. Muda wa kubahatisha umekwisha.

Anza kwenye kuni. Kabla hujaandika mradi wowote, kaa asubuhi moja mlangoni mwa nyumba ya kambini. Mama wa Kiturkana atafika na mzigo wa kuni kichwani. Mama Mkongomani atatoka na gorogoro mkononi. Watapatana bei kwa Kiswahili, huyu chake cha Lodwar, yule chake cha Bukavu, kisha unga utamiminwa mfukoni mwa aliyeleta kuni. Hakuna semina iliyowafundisha. Ushirikiano unaoutafuta umekutangulia hapo miaka mingi.

Usigawe majiko ya gesi kabla ya kuuliza ni nani atakosa unga. Na mgao wa chakula ukipunguzwa, usihesabu njaa ya mkimbizi peke yake. Muuza kuni naye atarudi bomani mikono mitupu, na ugomvi utaanza jioni hiyo hiyo.

Usimwite mwenyeji siku ya kukata utepe. Makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016, yalikusudiwa tangu mwanzo yawe ya wote: shule moja, zahanati moja, soko moja. Mwenyeji anayeitwa kupiga makofi tu hukumbuka kwamba ardhi ilikuwa malisho yake. Nenda kwenye mti wa wanaume, wanapoketi wazee, kabla bajeti haijatiwa sahihi. Kisha wafuate wanawake kwenye foleni ya mitungi, kwa maana chini ya mti ule sauti yao haifiki, na maji wanayateka wao.

Usichague msemaji mmoja wa "Wasudani". Mdinka na Mnuer hawakukimbia kwa hofu moja, na wapo waliokimbiana wao kwa wao. Usimfanye mtoto mkalimani wa mama yake, hasa zahanatini. Mtafute mtu mzima, mlipe.

Usigawe sare kwa watoto wa upande mmoja wa darasa. Hili halihitaji maelezo.

Sema sheria ilivyo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi, lakini fundi cherehani asiye na kibali cha kazi wala pasi ya kutoka eneo la kambi hafiki Kitale na nguo zake. Msaidie apate karatasi hizo kabla hujampeleka kwenye kozi nyingine ya ushonaji. Cheti cha tatu hakitampitisha kwenye kizuizi cha barabarani. Sheria hiyo pia inampa mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nafasi ya kuacha hadhi ya ukimbizi, kwa hiari yake, ili anufaike na mkataba wa Jumuiya. Mweleze. Usimharakishe. Mtu aliyepoteza ulinzi mara moja ana haki ya kufikiri sana kabla ya kuuachia tena.

Jibu maswali magumu mbele ya pande zote, siku moja. Mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unataka kambi zigeuke makazi yenye huduma za pamoja, kaunti ikiwa na sehemu kubwa zaidi. Mwenyeji anauliza: ardhi itakuwa ya nani? Mkimbizi anauliza: mgao utakoma? Ukimjibu huyu faraghani na yule faraghani, kila mmoja atadhani mwenzake ameahidiwa zaidi. Nimeona uvumi wa namna hiyo ukifunga maduka siku nzima, na inaniuma kwa sababu baraza moja tu lingeuzima.

Mkataba wako ukiisha, usiondoke kimyakimya. Rudi chini ya mti ule ule, safari hii pamoja na wakimbizi na wanawake wa foleni ya maji. Soma hesabu kwa sauti, kwa Kiturkana na kwa Kiswahili: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki. Mzee akisimama kusema pesa hazikumfikia, weka kalamu chini umsikilize mpaka amalize.