Udondoshaji katika Video ya Pande Tatu

Katika isimu tunafundishwa kwamba msemaji hudondosha kile ambacho msikilizaji anaweza kukirejesha mwenyewe. Hapa nataka kuonyesha kwamba kanuni hiyohiyo ndiyo iliyowezesha filamu za pande tatu, yaani 3D, kutazamwa nyumbani.

Tuanze na uzito wa mzigo. Filamu ya 3D hubeba picha mbili kwa wakati mmoja, moja kwa kila jicho. Picha ya nukta 1920 kwa 1080, kila nukta ikichukua baiti 3, ina takriban megabaiti 6.2. Kwa picha 24 kila sekunde na macho mawili, tunapata karibu megabaiti 300 kwa sekunde. Diski ya Blu-ray ya gigabaiti 50 ingejaa kabla ya dakika 3 kuisha.

Sasa tutazame sentensi hii: «Kitabu changu kimepotea, chako kipo.» Katika kishazi cha pili nomino haipo, lakini upatanisho wa ngeli unaturudisha kwenye «kitabu». Mbinu ya MVC, ambayo ni nyongeza ya kiwango cha H.264 na ilichaguliwa kwa Blu-ray 3D mwaka 2009, hufanya kazi kama hiyo. Picha ya jicho moja, tuseme la kushoto, huandikwa bila kulitegemea jicho la pili, kama kishazi huru. Picha ya kulia hugawanywa vipande vidogo. Programu hutafuta kipande kinachofanana katika picha ya kushoto, kisha huandika mambo mawili: kimesogea kiasi gani, na tofauti iliyobaki.

Inua kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha jingine. Kidole kinaruka, ukuta wa nyuma hausogei sana. Usogevu huo ndio unaoandikwa. Sehemu ya ukuta inayoonwa na jicho moja tu haina cha kurejelea. Ni kama nomino mpya, lazima itajwe.

Matokeo ni kwamba filamu ya 3D haihitaji nafasi mara mbili: kwa kawaida huongeza takriban nusu tu juu ya filamu ya kawaida. Haipungui zaidi sana kwa sababu kila picha tayari hutabiriwa kutokana na picha nyingine za jicho lilelile. Jicho jirani linabakiwa na machache ya kusaidia. Tena, mashine ya zamani husoma kishazi huru na kuacha kilichobaki, hivyo mwenye nayo bado anaona filamu.

Ipo njia nyepesi zaidi: kubana picha mbili kando kwa kando katika nafasi ya moja. Inapita kwenye mitambo ya kawaida ya televisheni, lakini kila jicho hupoteza nusu ya nukta zake za upana. Huo si udondoshaji, ni ukataji, kwani kilichotupwa hakirejesheki.

Tofauti hii inatuhusu sisi tunaorekodi lugha. Katika lugha za alama, umbo la vidole na nafasi iliyo mbele ya mwili hubeba maana. Nukta zilizokatwa zinaweza kuwa mpaka kati ya alama mbili. Kwa hiyo, kabla ya kubana rekodi, tuulize swali letu la kila siku: anayepokea ataweza kurejesha nini?