Ohio State na Michigan: Ukitaka Kutabiri, Anzia Mstari wa Mbele

Mchambuzi mvivu hutambulika mapema. Ukimuuliza kuhusu mechi ya watani wa jadi atakujibu kwamba dabi haina mwenyewe, fomu haihesabiki, lolote laweza kutokea. Tumeyasikia hayo kila Simba na Yanga wakikaribia kukutana, na huko Marekani wanayasema vilevile kila Novemba, Ohio State na Michigan wanapojiandaa kuvaana. Si uongo. Tatizo ni kwamba mechi ikianza, msomaji hana la kuangalia zaidi ya alilokuwa nalo jana.

Uchambuzi wa maana unasema mechi itaamuliwa wapi uwanjani, na nani ana nguvu mahali hapo. Kwa timu hizi mbili za vyuo vikuu, zote za konferensi ya Big Ten, jibu langu ni moja: tazama yale majitu ya mbele yanayogongana vifua kila mpira unapoanzishwa, ambayo kamera haina habari nayo.

Kwa aliye mgeni wa futiboli ya Kimarekani, haya yanatosha kuanzia. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapata mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira eneo la mwisho ni pointi 6, kisha kuna nafasi ya kuongeza 1 au 2. Kuupiga kwa mguu ukapita kati ya milingoti ni pointi 3. Mpira husogea kwa kukimbia nao au kwa kurusha pasi, na kwotabeki ndiye anayeupokea kwanza, akaurusha au akamkabidhi mkimbiaji.

Historia ichukue kwa kiasi. Najua inavutia: walikutana mara ya kwanza mwaka 1897 na Michigan ikashinda 34–0, tangu 1918 wamecheza kila mwaka isipokuwa 2020, Korona ilipowazuia, na kati ya 1969 na 1978 makocha Woody Hayes wa Ohio State na Bo Schembechler wa Michigan, ambaye aliwahi kuwa msaidizi wa huyo Hayes, walikabana koo kwa miaka kumi mfululizo. Mchezaji wa Ohio State akiifunga Michigan hupewa kidani cha dhahabu chenye umbo la suruali, desturi iliyoanza miaka ya 1930. Wiki ya mechi, herufi M kwenye mabango ya chuo huko Columbus hufunikwa kwa alama ya X nyekundu. Ni simulizi tamu, na aya moja inazitosha. Vijana watakaocheza walikuwa hawajazaliwa Hayes alipoondoka kazini.

Historia yenye faida ni ya miaka ya karibuni, na hapo utakuta jambo la kushangaza. Katika mechi zote tano za kuanzia 2021 hadi 2025, aliyekimbia yadi nyingi ndiye aliyeshinda. Mwaka 2021 Michigan ilikimbia yadi 297 dhidi ya 64 za Ohio State na kushinda 42–27, mkimbiaji Hassan Haskins akifunga mara tano peke yake. Michigan ilishinda nne mfululizo kwa mtindo huo, mpaka Ohio State ilipoigeuzia kibao 2025, 27–9, palepale Ann Arbor, nyumbani kwa Michigan.

Lakini usiimeze takwimu hiyo nzimanzima. Timu inayoongoza hupenda kukimbia ili kula muda, kwa hiyo yadi nyingine ni matunda ya ushindi wala si chanzo chake. Mwaka 2022 Donovan Edwards wa Michigan alikimbia yadi 216, na ukiishia kwenye jumla utadhani aliisumbua Ohio State mechi nzima. La. Yadi 160 kati ya hizo zilitoka katika mbio mbili tu za robo ya mwisho, moja ya yadi 75 na nyingine ya 85. Mapumziko yalipofika, Ohio State ndiyo iliyokuwa mbele, 20–17. Kwa hiyo unapokusanya takwimu za msimu, acha jumla. Tafuta wastani wa yadi kwa kila mbio, kisha utenganishe kipindi cha kwanza na cha pili. Timu inayopata yadi 5 kwa kila mbio wakati matokeo bado ni sare ina nguvu ya kweli mbele. Inayozipata ikiwa tayari inaongoza kwa pointi 25 haijakuonyesha kitu.

Kazi yenyewe inafanyika namna gani? Chukua Novemba 30, 2024, tujifanye bado ni Ijumaa usiku na matokeo hatuyajui. Ohio State inashika nafasi ya pili kwa ubora nchini na inacheza nyumbani mbele ya watu zaidi ya 100,000. Michigan imeshinda 6 na kupoteza 5, kwotabeki wake hatishi mtu, na beki wake bora, Will Johnson, ni majeruhi wa muda mrefu. Makampuni ya kubeti yanaona Ohio State itashinda kwa tofauti ya pointi karibu 20. Anayesoma msimamo tu anafunga daftari na kwenda kulala.

Sasa fungua orodha ya majeruhi ya Ohio State, ukianzia mstari wa mbele. Josh Simmons, aliyekuwa akimlinda kwotabeki upande wa kushoto, aliumia goti Oktoba. Seth McLaughlin, mtu wa katikati anayeanzisha mpira, aliumia kano ya kisigino Novemba. Hizo ni nafasi mbili kati ya tano, na mojawapo ndiyo kitovu cha mstari wote. Na upande wa pili, uso kwa uso na mrithi wa McLaughlin, wanasimama Mason Graham na Kenneth Grant wa Michigan, ambao miezi michache baadaye walichukuliwa wote wawili katika raundi ya kwanza ya usajili wa ligi ya kulipwa, NFL. Swali la mechi likawa hilo: je, Ohio State itaweza kupita katikati? Na kama haiwezi, kocha wake Ryan Day atakubali kuacha kujaribu?

Haikuweza, na hakuacha. Ohio State ilikimbia mara 26 ikapata yadi 77, yaani wastani wa yadi 3 hivi, huku wapokeaji hatari kama Jeremiah Smith na Emeka Egbuka wakiwa pembeni wanasubiri pasi. Pasi mbili za kwotabeki Will Howard zilinaswa na wapinzani. Mikwaju miwili ya pointi 3 ilitoka nje, yote kutoka chini ya yadi 40. Michigan ilirusha pasi za yadi 62 tu, kiasi cha aibu, lakini ikakimbia yadi 172. Dakika za mwisho, ikiwa kwenye jaribio la tatu na inahitaji yadi 6, mpira akapewa Kalel Mullings, akachanja mbuga yadi 27. Dominic Zvada akamalizia kwa mkwaju wa yadi 21 zikiwa zimebaki sekunde 45. Michigan 13, Ohio State 10. Mikeka mingi ilichanika usiku ule.

Sidai kwamba ungeweza kutabiri 13–10. Hakuna aliyeweza. Ninachosema ni kwamba aliyeangalia mahali pale pa katikati angekuwa na sababu ya kuandika, kabla ya mechi, kwamba pointi 20 ni nyingi mno. Na asingepaswa kuhitimisha kwamba Ohio State ni mbovu: wiki tatu baadaye waliichapa Tennessee 42–17 wakitumia pasi kwa wingi, na Januari 2025 wakatwaa ubingwa wa nchi kwa kuifunga Notre Dame 34–23. Udhaifu ulikuwa dhidi ya mpinzani yule na mpango ule. Uchambuzi wa dabi unatafuta udhaifu wa aina hiyo hasa.

Ukishamaliza mbele, mengine yanakwenda haraka. Ratiba ipime kwa kuuliza timu ilikutana na nani: Big Ten ina timu 18 tangu 2024, na timu mbili zinaweza kumaliza msimu zikiwa na rekodi sawa ilhali moja imepita kwenye moto na nyingine imepita bustanini. Angalia pia timu inafanya nini ikishaingia ndani ya yadi 20 za wapinzani, inafunga au inaambulia mikwaju. Mpigaji mikwaju husahaulika kwenye uchambuzi hadi siku anapokosa.

Hali ya hewa inawachanganya wengi, hasa sisi tuliokulia kwenye joto. Tukiona theluji tunadhani hakuna pasi itakayorushwa. Mwaka 2021 theluji ilianguka Ann Arbor na bado zikapatikana pointi 69. Adui wa pasi na mikwaju ni upepo, kwa hiyo kwenye utabiri wa hali ya hewa soma kasi ya upepo kabla ya nyuzijoto. Kuna siku, kweli, ambayo vyote vilikuja pamoja: Novemba 1950, Columbus, katika tufani ya theluji timu hizi zilipiga mpira mbali kwa mguu mara 45 kwa jumla. Michigan ilishinda 9–3 bila kusogea yadi 10 hata mara moja, pointi zake zote zikitokana na kuzuia mpira uliokuwa ukipigwa. Siku ya namna hiyo utabiri wako chana tu.

Majeruhi usiwaandike moja kwa moja kutoka kwenye uvumi wa Jumatano. Makocha wa vyuo ni wasiri kupindukia wiki ya mechi hii. Big Ten inazilazimisha timu kutoa ripoti ya wachezaji wasiokuwepo saa mbili kabla ya mechi, na ripoti hiyo ndiyo ya kuamini. Mechi kwa kawaida huanza saa sita mchana kwa saa za huko, ambayo kwa Nairobi na Dar es Salaam ni saa mbili usiku, Lubumbashi saa moja, Muscat saa tatu. Maana yake ripoti inatoka saa kumi na mbili jioni yetu. Acha nafasi kwenye uchambuzi wako ya kubadilisha mambo muda huo.

Namba za makampuni ya kubeti zitumie kama taarifa, hata kama hubeti, na kama hubeti hongera. Tofauti ikitajwa kuwa pointi 20 na wewe hesabu zako zinakuletea 7, ama umeona kitu ambacho soko halikukiona, ama kuna kitu soko linakijua wewe hujakisikia. Mara nyingi ni hilo la pili. Rudi kwenye orodha ya majeruhi uhakikishe.

Unapoandika sasa, taja matokeo kwa namba, kisha taja sharti ambalo likivunjika utabiri wako umekufa. Kwa mfano: Ohio State itashinda 24–17 mradi wastani wake wa mbio usishuke chini ya yadi 4. Sentensi hiyo inampa msomaji kitu cha kukagua kufikia robo ya pili, na inakunyima wewe njia ya kujificha.

Miaka shufwa mechi huwa Columbus, kwa hiyo 2026 ni zamu ya Ohio State kuwa mwenyeji. Michigan inakuja na kocha mpya, Kyle Whittingham, aliyeinoa Utah tangu 2005, na siku hizi wachezaji wanahama vyuo kwa wingi, hivyo majina ya mstari wa mbele ya mwaka jana usiyategemee. Yapitie upya ya timu zote mbili Oktoba ikiisha. Kisha andika namba yako kabla ya saa mbili usiku, na mpira ukishaanza usiiguse tena.