Ukungu wa Nyumba, na Nani Atalipa

Soma kwanza: Walawi 14, toka mstari wa 33 hata wa 48.

Ndugu msomaji, sura hii watu wengi huipita upesi, wakidhani ni habari ya makuhani tu. Isome polepole. Mtu ameona madoa ya kijani au mekundu katika kuta za nyumba yake, nayo yameingia ndani ya ukuta. Afanye nini? Mwenye nyumba mwenyewe huenda kumwambia kuhani. Kuhani huamuru vyombo vyote vitolewe nje kabla yeye hajaingia, ili visihesabiwe pamoja na nyumba. Kisha nyumba hufungwa siku 7. Madoa yakienea, mawe yaliyoharibika hung'olewa na kutupwa nje ya mji, kuta hukwanguliwa, na mawe mengine na udongo mpya hutiwa mahali pake. Yakirudi tena, nyumba hubomolewa.

Hatusemi kwamba pigo lile ndilo ukungu wetu wa leo. Lakini angalia njia yake. Mali ya watu wa nyumba iliokolewa kwanza. Na hakuna mahali kuhani aliposema, "Paka rangi juu yake."

Sasa tuje Likasi. Mvua zetu huanza mwezi wa 10 au wa 11, nazo huendelea hata mwezi wa 4. Nyumba nyingi za Panda, za Shituru na za Kikula zilijengwa zamani, mji ulipokuwa ukiitwa Jadotville, na nyingi zilikuwa za Union Minière kwa wafanyakazi wake. Wakati ule bomba likipasuka, habari ilipelekwa kwa kampuni. Serikali ilichukua mali ya kampuni ile mwaka 1967, na baadaye ikawa Gécamines. Miaka ya 2003 na 2004 watu zaidi ya 10,000 waliacha kazi ya Gécamines. Leo bati likitoboka, hakuna fundi wa kampuni wa kumwita. Yuko mwenye nyumba, na yuko mpangaji, yule mnayemwita lokatere, na kila mmoja humtazama mwenzake.

Ukungu ni wa jamii ya uyoga. Mbegu zake ni ndogo kuliko vumbi, nazo huruka hewani kila mahali, hata ndani ya nyumba safi. Haziwezi kuota pasipo maji. Kwa hiyo ukiona ukungu, usiulize, "Umetoka wapi?" Uliza, "Maji yametoka wapi?" Swali hili lina faida mbili: linaonyesha namna ya kuuondoa, tena linaonyesha nani alipe.

Maji ya kwanza ni ya mvua, yapitayo katika mabati yenye kutu, au matundu ya misumari, au mahali bati linapokutana na ukuta. Doa lake huanza juu na kushuka. Maji ya pili hupanda toka chini, katika nyumba isiyo na msingi mzuri, au ambayo mtaro umezibwa na maji husimama ukutani. Doa lake huanza sakafuni na kupanda mpaka magotini, na chumvi nyeupe huonekana. Maji ya tatu ni ya bomba lililopasuka. Na maji ya nne tunayatengeneza sisi wenyewe: tunapika ndani kwa mbabula, tunaanika nguo chumbani, tunafunga madirisha usiku kwa hofu ya wezi, au kwa baridi ya mwezi wa 6 na wa 7. Mvuke hugusa bati na ukuta wa baridi, hugeuka maji. Ukungu huu hukaa pembeni na nyuma ya kabati.

Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa kitabu juu ya jambo hili mwaka 2009. Lilisema kwamba wakaao katika nyumba yenye unyevu na ukungu hupata zaidi kikohozi, mapafu yenye kulia, na pumu. Halikuweka hesabu ya ukungu unaokubaliwa. Lilisema unyevu wenyewe uondolewe. Basi mtu akikuambia umlipe ili aupime ukungu wako ajue ni wa aina gani, weka fedha yako. Mweusi au wa kijani, kazi ni ileile.

Lakini neno moja la hospitali hapa. Kikohozi kilichodumu majuma 2 au zaidi, usiseme tu, "Ni ukuta." Njoo tupime makohozi. Kifua kikuu hupendezwa na chumba kile kile chenye giza na kisicho na hewa, na katika mji wa madini kuna vumbi pia.

Tuhesabu fedha. Tuseme mtu analipa dola 40 kwa mwezi kwa vyumba 2, na chumba kimoja hakilaliki wakati wa mvua. Kwa miezi 6 amelipa dola 120 kwa chumba cha ukungu. Ongeza dawa ya mtoto mwenye pumu, siku ambazo mama hakwenda sokoni kwa sababu alikaa kitandani pa mtoto, godoro lililooza, na rangi aliyonunua mara mbili. Kisha siku ya kuhama, mwenye nyumba anashika garanti yake na kusema, "Wewe umeniharibia ukuta." Na mwenye nyumba naye hapati faida. Bati moja na misumari ni bei ndogo. Akikawia miaka 3, mbao za dari zimeoza, na matofali mabichi yamelainika.

Sheria yasemaje? Sheria ya mapatano ya 30 Julai 1888 ni ya zamani sana, lakini ingali msingi wa mambo haya katika Kongo. Yasema mwenye nyumba atoe nyumba iliyo katika hali njema, tena aitunze ifae kukaliwa muda wote wa kupanga. Mpangaji ana matengenezo madogo ya kila siku, naye hujibu uharibifu uliotoka kwa kosa lake. Kifungu cha 258 cha sheria hiyo chasema mtu akimletea mwenzake hasara kwa kosa lake, ni lazima ailipe. Sheria mpya ya kupanga nyumba ni ya 31 Desemba 2015. Hiyo yakataza garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi 3. Wanaodai miezi 6 au 10 wako wengi, lakini sheria haikuwapa ruhusa.

Kwa hiyo bati, msingi na bomba la ukutani ni mzigo wa mwenye nyumba. Mvuke wa mbabula na madirisha yaliyofungwa ni mzigo wa mpangaji. Shida huja kwa kuwa kila mmoja husema maji ni ya mwenzake.

Haya si ya Likasi tu. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka 2, Awaab Ishak, mwana wa wazazi waliotoka Sudan, alikufa Desemba 2020. Baba yake alikuwa amelalamika juu ya ukungu tangu 2017. Wenye nyumba walidhani ni desturi za jamaa ile, namna yao ya kuoga na kupika. Mwaka 2022 mwamuzi wa vifo alithibitisha kwamba mtoto alikufa kwa ajili ya ukungu wa nyumba ile. Sheria ikatungwa mwaka 2023, nayo yaitwa kwa jina lake; toka Oktoba 2025 wenye nyumba za namna ile hupewa saa 24 tu kwa hatari kubwa.

Na huko Texas, Marekani, mama Melinda Ballard alishtaki kampuni ya bima baada ya bomba kuvuja na nyumba yake kubwa kujaa ukungu. Mwaka 2001 baraza la mahakama lilimpa dola milioni 32. Mwaka uliofuata mahakama ya juu ikazipunguza zikawa karibu milioni 4. Watu husimulia milioni tu. Mimi naona jambo jingine ni kubwa zaidi: ushahidi wa ugonjwa haukukubaliwa katika kesi ile. Alichoshinda ni habari ya maji, ya nyumba, na ya kampuni iliyokawia. Kuthibitisha mbele ya mwamuzi kwamba kikohozi hiki kimetoka katika ukuta huu ni kazi ngumu, hata kwa waganga wenye vyombo vingi. Kuthibitisha kwamba bati lilivuja tarehe fulani, na mwenye nyumba aliambiwa, ni rahisi, kama iko karatasi.

Basi ifanye karatasi. Kabla ya kuingia, zunguka nyumba pamoja na mwenye nyumba, mchana. Inua macho darini, inama sakafuni, vuta kabati. Andikeni kila doa katika kontra, mtie sahihi wote wawili, na piga picha kwa simu. Ukungu ukianza baadaye, mwandikie barua fupi yenye heshima, ubaki na nakala:

"Baba mwenye nyumba, salamu. Tangu mvua ya tarehe 3 Desemba maji yanaingia juu ya mlango wa chumba cha watoto. Tunakuomba uje kutazama juma hili. Sisi tunafungua madirisha kila siku na kupika nje."

Mstari ule wa mwisho usiuache, na uwe wa kweli. Asipojibu, usiache kulipa kodi kwa hasira. Deni la kodi ndilo litakalokutoa nyumbani, nawe ulikuwa na haki. Peleka nakala kwa ofisi ya makao ya komini, wajaribu kuwapatanisha kabla ya mahakama. Ukitengeneza bati mwenyewe, pata kwanza neno lake la maandishi kwamba fedha itakatwa katika kodi.

Kusafisha ni kazi fupi, lakini hufanywa baada ya maji kuzibwa. Watoto watoke. Funga kitambaa mdomoni na puani, fungua madirisha, osha kwa maji na sabuni, kausha kabisa. Maji ya Javel usiyachanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia. Hewa yake huumiza mapafu. Udongo uliooza, kwangua mpaka mahali pagumu, kama walivyofanya katika Walawi.

Na gunia la mahindi usiliegemeze ukutani wenye unyevu. Liweke juu ya mbao. Ukungu wa nafaka una sumu iharibuyo ini: mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake katika Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo, na 125 wakafa. Kupika hakuiondoi. Mahindi yaliyoota ukungu usiyasage kwa unga wa bukari, wala usiwape kuku.

Maswali ya kujibu nyumbani:

Katika chumba unacholala, doa limeanza juu, chini, au pembeni?

Kontra yako iko wapi, nayo yasema nini juu ya bati?

Kama wewe ndiwe mwenye nyumba, mpangaji wako alikuambia habari ya maji lini, na ulikwenda kutazama siku gani?