Si Uvivu, Huenda Ni Tezi: Somo Kuhusu Mama Mjamzito na Tezi ya Shingo

Somo hili tunaomba mlisome pamoja, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza. Akina baba wasitoke nje wakidhani ni mambo ya wanawake. Mtoto ni wa nyumba nzima.

Tuanze na mfano. Mama mmoja wa kikundi kule milimani, sehemu za majani chai, alikuwa na mimba ya miezi miwili. Wenzake walipokutana kulima kwa zamu, yeye alikaa kando amejifunga sweta na huku jua linawaka. Jembe lilimshinda. Wengine wakaanza kunong'ona, "Huyu anatukwepa kazi." Mama mkwe akasema, "Mimba ndivyo zilivyo, hata mimi nilichoka." Jirani naye akasema ni damu imepungua, apikiwe terere na managu. Mama huyu alikuwa amepoteza mimba mbili hapo awali, na wako waliosema ati kuna mkono wa mtu.

Bahati nzuri alienda kliniki mapema. Sista aliona alama ya kisu shingoni, akauliza. Kumbe miaka minne iliyopita mama alipasuliwa kuondolewa uvimbe wa tezi. Alipewa vidonge vya kumeza kila siku, lakini alipojisikia mzima akaviacha. Alipotumwa hospitali kubwa kupimwa damu, ikajulikana kwamba tezi yake haifanyi kazi ya kutosha. Hakuwa mvivu wala hakurogwa. Alikuwa mgonjwa.

TEZI HII NI NINI?

Mbele ya shingo, chini kidogo ya koo, kila mtu ana tezi ndogo yenye umbo kama la kipepeo. Huitwa tezi ya thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazouambia mwili utumie chakula kwa kasi gani. Ni kama mtu wa kuchochea moto jikoni. Akilala, moto unafifia, na chakula hakiivi hata kama kuni ziko. Tezi ikilegea, mwili wote unapoa na kwenda polepole.

Ili tezi ifanye kazi inahitaji iodini, ambayo wengine huita madini joto. Tunahitaji kidogo sana. Iodini ya mtu mmoja kwa maisha yake yote haizidi kijiko kimoja cha chai. Lakini hicho kidogo lazima kipatikane kila siku. Katika sehemu nyingi za milima, mvua za miaka mingi zimeosha iodini kutoka kwenye udongo, kwa hiyo hata mboga na mahindi ya huko huwa na upungufu. Ndiyo sababu zamani rovu, yaani uvimbe wa shingo, lilionekana sana sehemu za milimani. Tezi ikikosa iodini hujitanua ikijaribu kupata zaidi.

Ukosefu wa iodini sio sababu pekee. Wako watu ambao kinga ya mwili wao wenyewe huishambulia tezi. Wako waliopasuliwa tezi, kama mama wa mfano wetu. Tena tukumbuke: mtu anaweza kuwa na rovu na tezi ifanye kazi sawasawa, na mwingine akawa na shingo laini kabisa kumbe tezi imelegea. Macho peke yake hayatoshi.

KWA NINI MAMA MJAMZITO ZAIDI?

Mama anapopata mimba, tezi yake inatakiwa kuongeza kazi karibu nusu ya ile ya kawaida. Mtu mzima huhitaji iodini mikrogramu 150 kwa siku. Mama mjamzito huhitaji mikrogramu 250.

Sababu ni hii. Mtoto tumboni huanza kujengewa ubongo mapema sana, lakini tezi yake mwenyewe huanza kutoa homoni karibu na mwisho wa mwezi wa tatu, na haikomai mpaka karibu nusu ya mimba. Kabla ya hapo anategemea homoni za mama. Mama akipungukiwa, mtoto hana pa kukopa.

Hapa ndipo shida ilipo. Akina mama wengi huanza kliniki mwezi wa tano au wa sita, tumbo likishaonekana. Wakati huo ile miezi ya mwanzo imeshapita, na hairudi.

Tezi iliyolegea sana isipotibiwa, mimba inaweza kutoka, mama anaweza kupanda presha, na mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Akili ya mtoto inaweza kuwa nzito shuleni. Mahali penye upungufu mkubwa wa iodini, watoto wengine huzaliwa viziwi, wasioweza kusema, au wasiokua mwili na akili. Familia nyingi zimelaumu laana bure.

DALILI ZA KUANGALIA

- Uchovu mwingi usioisha hata baada ya kulala.
- Kuhisi baridi wakati wengine wanaona joto.
- Kufunga choo.
- Ngozi kavu na nywele kukatika.
- Sauti kukwaruza, uso kuvimba.
- Kusahau sana na kukosa furaha.
- Uvimbe mbele ya shingo.

Nyingi za dalili hizi hufanana na za mimba yenyewe au za upungufu wa damu. Hatusemi kila mama aliyechoka ni mgonjwa wa tezi. Tunasema asipuuzwe. Akiwa na dalili kadhaa pamoja, au ana rovu, au aliwahi kutibiwa tezi, au amepoteza mimba zaidi ya moja, au mama yake au dada yake ana ugonjwa wa tezi, amwambie sista siku ya kwanza ya kliniki bila kungoja kuulizwa. Kipimo ni cha damu, kinaitwa TSH. Zahanati nyingi hazina, kwa hiyo huenda akatumwa hospitali kubwa.

DAWA IPO, LAKINI INA MASHARTI

Dawa ni kidonge kiitwacho levothairoksini. Kinaleta homoni ile ile ambayo tezi imeshindwa kutoa. Ni salama kwa mama na mtoto, wakati wa mimba na wa kunyonyesha.

Tumrudie mama yetu. Alianza tena vidonge, lakini kipimo cha pili hakikuonyesha nafuu ya maana. Sista alipomwuliza, akasema, "Asubuhi nakunywa chai ya maziwa, namalizia vidonge vyote kwa mara moja, vya tezi na vya kuongeza damu." Basi hapo ndipo palipokuwa na kosa. Madini ya chuma yaliyo katika vidonge vya damu hushikana na dawa ya tezi tumboni, isiingie mwilini. Chai ya maziwa nayo ilikuwa inaizuia. Vidonge vyote viwili vilikuwa vya lazima kwake, ila visikutane. Akaanza kumeza cha tezi alfajiri kwa maji matupu, akingoja saa nzima kabla ya chai, na vya damu usiku. Kipimo kilichofuata kilikuwa kizuri.

Basi tushike haya:

1. Meza dawa ya tezi tumbo likiwa tupu, kwa maji tu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula.
2. Vidonge vya damu, vya kalsiamu na vya kiungulia vikae mbali nayo kwa saa nne au zaidi.
3. Usiache dawa kwa sababu umejisikia vizuri. Umejisikia vizuri kwa sababu ya dawa.
4. Kama unatumia dawa hii na umekosa siku zako, nenda kliniki wiki hiyo hiyo. Mara nyingi kiasi cha dawa huongezwa mimba inapoanza. Usijipimie mwenyewe.
5. Rudi kupimwa damu kila wiki nne hivi mpaka nusu ya mimba, na tena baadaye kama utakavyoelezwa.

CHUMVI YA NYUMBANI

Kwa kuwakinga wote, chumvi ndiyo njia rahisi. Tangu 1978 sheria ya Kenya inataka chumvi ya kula itiwe iodini. Nunua ya pakiti iliyofungwa na iliyoandikwa kuwa ina iodini, sio ile ya kupimwa kwa kopo kutoka gunia wazi. Iweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua, moshi na unyevu, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Magadi na chumvi ya ng'ombe visichukue nafasi yake.

Lakini usizidishe chumvi, maana presha nayo ni adui wa mama mjamzito. Tena chumvi haitamponya mtu ambaye tezi imeharibika au imeondolewa. Huyo anahitaji kidonge.

KAZI YA KIKUNDI

- Kila mmoja alete kijiko cha chumvi ya nyumbani kwake. Mwombeni afisa wa afya alete dawa ya kupimia. Tone moja likigeuka rangi ya zambarau, iodini ipo.
- Je, kuna mama kati yetu tuliyemwita mvivu? Tulimsaidia vipi?
- Nani atamsindikiza mama anayetumwa kupimwa mbali? Je, mfuko wa kikundi unaweza kumkopesha nauli na pesa za kipimo?
- Nani atawakumbusha akina mama kuanza kliniki mara wanapokosa siku zao?

Yule mama alijifungua salama. Siku hizi wenzake wanapoona mmoja amekaa kivulini na sweta, hawanong'oni tena. Wanamwuliza, "Umeshaenda kliniki?" Tunaomba swali hilo liulizwe katika kila kikundi.